SIKU MOJA KATIKA MWEZI NI YA NANI?

Ndugu wanachama wa Kitale na Bungoma,

Wengi wenu mtashangaa kuona kwamba ukurasa wa kwanza wa karatasi yetu, ambao kwa desturi ni wa mishahara na watu waliofukuzwa kazi, safari hii unazungumza juu ya vitufe vya kompyuta. Msishangae. Jambo hili ni la mishahara, na ni la kufukuzwa kazi vile vile, kama tutakavyoonyesha. Twaomba msome mpaka mwisho. Na yule asiyekuwa karani asiiweke karatasi hii kando akidhani haimhusu, maana mshahara wake hupita katika vidole vya karani kila mwezi kabla haujafika mfukoni mwake.

Siku hizi hesabu karibu zote za ofisi zetu hufanywa katika lahajedwali, yaani lile jedwali kubwa la visanduku lililomo ndani ya kompyuta, ambalo watu wengi huliita Excel tu. Magunia ya mahindi ya kilo 90 yanayopokelewa Kitale, tani za miwa zinazopimwa upande wa Bungoma, lita za maziwa za chama cha ushirika, karo za shule, siku za vibarua wa shambani, akiba na mikopo ya wanachama wa Sacco, yote yanaandikwa humo. Na karani anaweza kuliendesha jedwali hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kushika mausi, kutafuta mahali kwa macho, kubonyeza, kuvuta, na kubonyeza tena. Njia ya pili ni kuacha mikono juu ya kibodi na kutumia vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, ambavyo hufanya kazi ile ile kwa kufumba na kufumbua. Hizo ndizo zinazoitwa njia za mkato.

Chama chetu kinasema nini juu ya njia hizo? Kinasema mambo mawili. Kwanza, jifunzeni, na mfundishane bila kufichana. Pili, msiutoe bure wakati mtakaouokoa.

TIKITI YA SIKU 30

Jedwali la visanduku si kitu kigeni katika nchi hii yetu. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia walilijua vizuri, ila lao lilikuwa la karatasi. Lilikuwa ile tikiti ya siku 30. Kila siku mtu aliyofanya kazi iliwekwa alama katika kisanduku chake, na mpaka visanduku 30 vijae ndipo alipolipwa. Akikosa alama moja, kwa sababu nyapara alimkasirikia au karani alikuwa na haraka, siku yake ilikwenda na maji. Hakuwa na pa kulalamika, maana karatasi ilisema hakuja.

Kwa hivyo tangu zamani kisanduku kimoja kilikuwa ni jasho la mtu la siku nzima. Hali hiyo haikubadilika kompyuta ilipokuja. Kilichobadilika ni kwamba zamani karani alijaza kisanduku kimoja kimoja, na leo anaweza kujaza visanduku 300 kwa mguso mmoja, vikiwa sawa vyote au vikiwa vimekosewa vyote. Hiyo ndiyo sababu chama hakiwezi kukaa kimya na kusema kwamba mambo ya vitufe ni ya wasomi wa vyuo.

TUFANYE HESABU

Sasa tuje kwenye wakati. Tuseme karani anautoa mkono kwenye kibodi kwenda kwenye mausi na kurudi mara 400 kwa siku. Kwa mtu aliyekaa mbele ya jedwali tangu asubuhi hadi jioni, hiyo si nyingi, na anayebisha na ajihesabie mwenyewe kwa saa moja. Tuseme kila safari inamla sekunde 3. Mara 400 kwa sekunde 3 ni sekunde 1,200, yaani dakika 20. Katika mwezi wenye siku 24 za kazi, dakika hizo ni 480, nazo ni saa 8 kamili.

Ndugu, saa 8 ni siku nzima ya kazi. Karani anayejua vitufe huokoa siku moja kila mwezi, na katika mwaka ni siku 12. Hatujaongeza wakati anaouokoa kwa kujaza orodha nzima mara moja badala ya mstari kwa mstari.

Basi tunauliza: siku hiyo moja katika mwezi ni ya nani?

Tajiri atasema ni yake, kwa kuwa kompyuta ni yake na saa za kazi amezinunua. Akiiona siku hiyo ikibaki, atafanya moja katika mambo mawili: ama ataongeza kazi mpaka siku ijae tena, ama atahesabu kwamba makarani 23 wanaweza kufanya kazi ya 24, kisha atamtafuta yule wa 24. Karani naye, kwa kuwa anayajua hayo, mara nyingi huamua kuficha. Hujifunza vitufe vyake polepole, humaliza kazi saa tisa, kisha hukaa akijifanya anahangaika mpaka saa kumi na moja. Mwenzake wa meza ya pili akimwuliza, "Umefanyaje hapo?" yeye hufunika kioo na kucheka.

Hatumlaumu sana, maana anaogopa. Lakini kuficha hakumsaidii mtu. Anayeficha hubaki peke yake, na tajiri akija na mkuki wake humkuta kila mtu peke yake. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Nairobi walio katika Labour Trade Union of Kenya, ambacho katibu wake alikuwa Makhan Singh, walidai kwamba siku ya kazi isizidi saa nane. Hawakudai kwa kujificha nyuma ya mashine wakapunguza mwendo kila mtu kwa siri yake. Walidai waziwazi, kwa sauti moja. Wakati wa mfanyakazi ni jambo la kujadiliwa mezani kama mshahara unavyojadiliwa, na hauwezi kujadiliwa ukiwa umefichwa.

VITUFE VYENYEWE

Kwanza basi tujue tunazungumza juu ya nini. Tuchukue orodha ya wafanyakazi 300 wa shamba moja la mahindi. Mstari wa kwanza una vichwa vya habari. Majina yako katika safu A tangu mstari wa 2 hadi wa 301. Siku walizofanya ziko safu B, malipo ya siku yako safu C, na jumla ya kila mtu inatakiwa katika safu D. Katika D2 karani anaandika =B2*C2. Sasa anataka hesabu hiyo iteremke mpaka mtu wa mwisho.

Anayetumia mausi hushika pembe ya kisanduku na kuvuta chini, akipita mahali, akirudi, akipita tena. Anayejua vitufe hufanya hivi. Anasimama C2, anabonyeza Ctrl pamoja na mshale wa chini, naye anafika C301 mara moja. Anabonyeza mshale wa kulia mara moja, anaingia D301. Anashika Ctrl na Shift kwa pamoja na kubonyeza mshale wa juu, na safu yote mpaka D2 inachaguliwa. Kisha Ctrl na D, hesabu inajaa kwa watu wote 300. Mwisho anashuka mpaka D302, anashika Alt na kubonyeza alama ya sawasawa, kisha Enter, na jumla kuu imesimama mbele yake. Kazi hiyo haifiki nusu dakika.

Angalieni kwamba tumewapeleka chini kwanza na kuwarudisha juu. Mtu akisimama D2, ambako chini yake hakuna kitu, akabonyeza Ctrl na mshale wa chini, Excel itamtupa mpaka mstari wa 1,048,576, ambao ndio wa mwisho katika jedwali. Wengi wamejaribu mara moja, wakajikuta jangwani, wakasema vitufe havifai. Vinafaa, ila lazima umfuate jirani aliyejaa ndipo ufike kwa aliye mtupu.

Tena, kama malipo ya siku ni sawa kwa watu wote nayo yameandikwa mahali pamoja tu, tuseme F1, basi wakati wa kuandika hesabu bonyeza F4 baada ya kuitaja F1. Itageuka kuwa $F$1. Alama hizo za dola ni kigingi. Ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi haendi malishoni kwa jirani, na F1 iliyofungwa hivyo haiteremki kuwa F2 na F3 ambako hakuna kitu. Kwenye kompyuta ndogo za kukunja huenda ukahitaji kushika pia kitufe cha Fn ndipo F4 na F2 zifanye kazi.

Vingine vya kuanzia ni hivi, na tunashauri mtu ajifunze vitatu kila wiki, avizoee, ndipo achukue vitatu vingine:

Ctrl na S: kuhifadhi kazi. Hiki kiwe cha kwanza, maana sote tunaijua stima ya kwetu wakati wa mvua.
Ctrl na Z: kurudisha nyuma kosa ulilolifanya sasa hivi.
Ctrl na C, Ctrl na X, Ctrl na V: kunakili, kukata, kubandika.
F2: kuingia ndani ya kisanduku na kusahihisha bila kuandika upya.
Ctrl na alama ya nukta-mkato: kuandika tarehe ya leo.
Ctrl na Home: kurudi mwanzo wa jedwali.
Ctrl na Page Down au Page Up: kwenda ukurasa unaofuata au uliotangulia katika kitabu kile kile.
Ctrl na F: kutafuta jina au nambari.
Ctrl, Shift na L: kuweka kichujio, ili uone watu wa idara moja tu.
Ctrl na ile alama ndogo iliyo chini ya Esc: kufunua hesabu zilizofichwa nyuma ya tarakimu, ili uone nani ana hesabu na nani ameandikiwa nambari kwa mkono. Ibonyeze tena, zitajificha.

Vitufe hivi havikushuka kutoka mbinguni. Kunakili na kubandika, kama tunavyokujua, kulitokana na kazi ya Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970. Jedwali lenyewe la kwanza la kompyuta ndogo, lililoitwa VisiCalc, liliuzwa mwaka 1979, nalo lilitengenezwa na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, ili mtu akibadilisha tarakimu moja asilazimike kufuta na kuandika upya hesabu nzima. Yaani vyote vilibuniwa kumpunguzia mtu kazi. Basi na vimpunguzie.

MWENDO WA HARAKA NA MSHAHARA WA MTU

Lakini haraka haraka haina baraka, na hapa twataka makarani wetu wasikilize vizuri. Vitufe vinavyofanya kazi upesi hufanya na makosa upesi. Karani akichagua safu ya majina peke yake akaipanga kwa alfabeti bila ya kuzichukua safu nyingine, kila jina litakaa mbele ya siku za mtu mwingine. Kompyuta itamwonya, lakini aliye na haraka hupita onyo bila kulisoma. Akibandika orodha juu ya jedwali lililochujwa, tarakimu zinaweza kuingia hata katika mistari iliyofichwa, kwa watu asiowaona. Akibadilisha neno kwa Ctrl na H katika jedwali zima, anaweza kubadilisha mahali mia asipopakusudia.

Na atakayeumia ni nani? Si tajiri. Ni mama wa kupalilia aliyefanya siku 24 naye ameandikiwa 14. Ni mkata miwa ambaye tani zake zimehamia kwa jirani. Watakwenda ofisini, nao wataambiwa yale yale waliyoambiwa babu zao na tikiti mkononi: "Karatasi ndiyo inasema hivyo."

Kwa hivyo tunamtaka kila karani mwanachama ashike kanuni tatu. Kabla ya kugusa orodha ya mishahara, atengeneze nakala yake na kuiandika tarehe. Kabla na baada ya kupanga, aangalie jumla kuu: ikiwa imebadilika hali hakuongeza kitu, kuna jambo. Na kabla ya kupeleka orodha kwa mkubwa, achague majina matano popote katika orodha, ayalinganishe na daftari la mahudhurio. Dakika tano za ukaguzi zitoke katika zile 20 zilizookolewa. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya siku yetu, nayo tunampa mfanyakazi mwenzetu wa shambani na kiwandani.

TUZITUMIE KWA FAIDA YETU

Sehemu ya pili ya siku hiyo tuitumie kujikagulia wenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kitu kilichokatwa na sababu yake. Wangapi kati yetu huisoma? Wengi hutazama tarakimu ya chini, huguna, na kuikunja.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya jamii, SHIF, hukata asilimia 2.75, yaani shilingi 550. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani shilingi 300, naye mwajiri lazima atoe 300 nyingine kutoka mfukoni mwake. Akiba ya uzeeni, NSSF, ni asilimia 6, yaani shilingi 1,200, na mwajiri atoe 1,200 pia. Jumla iliyotoka kwa mfanyakazi ni 2,050, na kinachobaki ni 17,950, kabla ya ada ya chama na mkopo wa Sacco. Tena sheria hiyo hiyo inasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mtu asirudi nyumbani na chini ya theluthi moja.

Hesabu hiyo ni ya visanduku vitano. Ukiiandika mara moja kwa mtu wa kwanza, Ctrl na D itaiteremsha kwa wanachama wote wa tawi. Weka kichujio, nao waliokatwa kupita kiasi watajitokeza wenyewe kama mawe katika mchele. Fanya vivyo hivyo kwa saa za ziada, ambazo kwa kanuni za jumla za mishahara hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida na mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Katibu wa tawi anayekwenda mbele ya mwajiri na orodha kama hiyo haendi kulalamika. Anakwenda kudai.

Hapa tuseme jambo moja kwa ukali. Karani asichomoe orodha ya mishahara ya mwajiri kwenda nayo nje. Hiyo ni siri ya watu, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na tena atampa tajiri fimbo ya kumpigia. Njia yetu ni halali nayo inatosha. Kila mwanachama alete karatasi yake mwenyewe ya mshahara kwa hiari yake, na tawi lijiandikie orodha yake.

Msidhani hili ni jambo dogo. Katika eneo letu tumeona kinachotokea milango inapofungwa au inapobadilisha mwenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari, na cha Nzoia kilikuwa kimojawapo. Siku kama hizo zinapofika, swali la kwanza ni nani anadai kiasi gani, tangu mwezi gani. Aliye na orodha yake mkononi ana pa kushika. Asiye nayo hungoja kuhesabiwa na mtu mwingine.

WAZEE NA VIJANA

Tumesikia manung'uniko ya makarani wa umri mkubwa. Wanasema, "Haya ni mambo ya vijana, sisi tutafukuzwa." Twawajibu kwa heshima: wazee wetu, nyinyi mliojifunza taipureta mko mbele kuliko mnavyodhani. Mtu aliyefundishwa kupiga taipu bila kutazama vidole ana mikono inayojua kibodi iliko. Kijana aliyejifunzia simu kwa vidole gumba anayo safari ndefu zaidi. Mnachokosa ni vitufe ishirini tu.

Nanyi vijana mliotoka vyuoni, mnavyo vitufe, lakini mzee akitazama orodha kwa sekunde kumi atakuambia, "Huyu hawezi kuwa alipalilia siku 31, mwezi wa pili hauna siku hizo." Jicho hilo halimo katika kompyuta. Basi kaeni meza moja. Kijana atoe kitufe, mzee atoe jicho. Kwa njia hiyo hakuna atakayeonekana wa kutupwa.

Na kama mwajiri yeyote atataka kupunguza makarani kwa kisingizio cha mwendo huo mpya, ajue kwamba sheria inamfunga. Sheria ya Ajira inamtaka akipunguza wafanyakazi wanachama awape chama na Afisa wa Kazi taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, pamoja na sababu na kiasi cha upunguzaji. Katika kuchagua wa kupunguzwa aangalie muda wa utumishi pamoja na ujuzi na uaminifu. Tena amlipe kila mtu si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Ukipewa barua ya kukuondoa leo uende leo, usitie sahihi chochote cha kukubali. Lete barua tawini.

TUNAYODAI

Mambo tunayotaka matawi yetu yapeleke kwenye meza ya mazungumzo ni haya.

La kwanza, mafundisho ya kompyuta yafanywe ndani ya saa za kazi, si Jumapili wala usiku, nayo yawe kwa makarani wote, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana.

La pili, wakati utakaookolewa usigeuzwe kuwa rundo jipya la kazi kabla ya kuzungumza na chama. Tunataka nusu yake iwe ya ukaguzi wa orodha za mishahara, na nusu ya pili iwe mapumziko ya mikono na macho. Anayegonga vitufe mchana kutwa huumia viganja na shingo kama aliyeshika mausi mchana kutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vyombo vya kazi vimfae binadamu, basi kiti na meza vimfae karani, asiinamie kibodi kama anayetafuta sindano.

La tatu, pasiwe na mtu atakayepunguzwa kazi kwa sababu mwenzake amejifunza upesi.

La nne, kila mfanyakazi, awe kibarua au wa kudumu, apewe karatasi yake ya mshahara kila anapolipwa, na akiona kosa lisahihishwe kabla ya mshahara unaofuata.

Kwa upande wetu, kila tawi liwe na darasa lake. Halihitaji mambo makubwa. Kompyuta mbili, hata za kuazima, chumba kimoja, na mwanachama mmoja anayejua zaidi ya wenzake. Walioko mjini Kitale wasiwasahau walioko Kiminini, na wa mjini Bungoma wasiwasahau wa Kimilili na Webuye. Asiye na kompyuta aje na daftari, aandike vitufe, avizoeze siku ataporudi mezani. Na wale wanachama wasiogusa kompyuta kabisa waje na karatasi zao za mishahara, maana hizo ndizo zitakazokuwa kitabu cha darasa. Hatutaki mifano ya kuungaunga ilhali tunayo ya kweli mifukoni.

Ndugu, tajiri hununua kompyuta, hununua na umeme wake. Ujuzi wa vidole ni wako. Ukiuficha, utazeeka nao peke yako. Ukimpa tajiri bure, atakushukuru kwa kukuongezea kazi. Ukimpa mwenzako, naye akampa mwingine, basi siku moja katika mwezi itakuwa mali yetu sote, nasi tutakaa mezani kuijadili kama watu wenye kitu mkononi.

Darasa lianze mwezi huu. Atakayekuja wa kwanza na awashe taa.

UMOJA NI NGUVU.